Sifa za Ritifaa ya Umiliki

Miongoni mwa alama zote za uandishi zilizowahi kuingia katika madarasa ya Mkoa wa Mara, hakuna iliyolaumiwa sana na kutetewa kidogo kuliko ritifaa, yaani kile kialama kinachoning'inia juu ya mstari na ambacho, katika Kiingereza, huandamana na herufi s ili kuonyesha kwamba kitu fulani ni mali ya fulani. Nukta husifiwa kwa kukomesha sentensi na mkato kwa kumpa msomaji nafasi ya kuvuta pumzi, ilhali ritifaa, isiyokomesha kitu wala kumpumzisha mtu, imebeba kazi nzito kuliko hizo zote mbili, nayo ni kuwepo pasipo kusikika.

Kanuni yake ni hii. Mwenye mali akiwa mmoja, ritifaa hutangulia s, kama katika "teacher's". Wenye mali wakiwa wengi na jina lao likawa limekwisha kwa s, ritifaa huifuata, kama katika "teachers'". Wakiwa wengi lakini wingi wao haukuundwa kwa s, kama ilivyo kwa watoto, alama hurudi mbele na neno likawa "children's". Na kiwakilishi "its", ambacho kinamiliki kama wanavyomiliki wengine, kimenyimwa alama kabisa, kwa kuwa "it's" yenye ritifaa ni ufupisho wa maneno mawili yasiyohusiana na mali ya mtu yeyote. Uzuri wa mpango huu ni kwamba "teachers", "teacher's" na "teachers'" hutamkwa sawasawa, hata mwanafunzi wa Musoma au Bunda aweze kuzungumza Kiingereza fasaha tangu kidato cha kwanza, aeleweke na kila anayemsikiliza, kisha akatwe alama kwa kosa ambalo hakuna sikio lililowahi kulisikia. Makosa ya matamshi huweza kusamehewa kwa hoja kwamba kila kabila lina ulimi wake, lakini kosa la ritifaa halina kabila, na kwa hiyo halina utetezi.

Mfano ulio karibu ni Chuo cha Ualimu Bunda. Jina hilo la Kiswahili halimsumbui mchoraji wa mabango, kwa sababu neno "cha" limekwisha kumaliza shauri lote la nani ni wa nani. Likigeuzwa kuwa la Kiingereza, huzaa majina matatu: la kwanza linakifanya chuo kuwa cha walimu wengi, la pili linakifanya kuwa cha mwalimu mmoja, na la tatu, lisilo na alama yoyote, linawataja walimu karibu na chuo bila kukubali kwamba wana uhusiano nacho. La pili lisichekwe haraka, maana wako walimu nchini waliowahi kufundisha shule nzima peke yao.

Lakini ni Butiama inayoonyesha ukuu wa alama hii. Huko ndiko alikozaliwa Julius Nyerere mwaka 1922, katika nyumba ya Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na ni yeye ambaye, kupitia Azimio la Arusha la mwaka 1967, aliitaka nchi iziweke njia kuu za uchumi mikononi mwa wakulima na wafanyakazi. Jambo hilo liligharimu hotuba nyingi, sheria za kutaifisha benki na mashamba makubwa, na baadaye Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamisha mamilioni ya watu, wengine kwa hiari na wengi kwa nguvu. Ritifaa ingeyafanya yote hayo kwa hatua moja. Shamba lililo "farmer's" ni la bwana mmoja. Alama ikisogezwa kulia kwa nafasi ya herufi moja linakuwa "farmers'", mali ya wakulima wote, bila lori, bila mgambo na bila nyumba ya mtu kuezuliwa. Tena inaweza kurudishwa kushoto siku sera inapobadilika, na ubinafsishaji ukawa umekamilika kabla wino haujakauka.

Mwalimu Nyerere mwenyewe hakuikwepa. Kutoka shule ya Mwisenge, mjini Musoma, alipita Tabora na Makerere, akafundisha katika St. Mary's ya Tabora, na baada ya shahada yake ya Edinburgh akafundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, ambayo jina la mtakatifu wake kwa Kiingereza linakwisha kwa s na hivyo kumweka mwandishi makini njia panda, kwani kuna wanaoongeza s nyingine baada ya ritifaa na kuna wanaoona ni ubadhirifu. Mwaka 1963 aliitafsiri tamthilia ya Julius Caesar, na kila mali ya Kaisari akaikabidhi kwa a-unganifu, yaani ule mzizi wa -a unaofuata ngeli ya kitu kinachomilikiwa.

Shakespeare naye angefeli. Mkusanyo wa tamthilia zake uliochapwa London mwaka 1623 una "The Winters Tale" na "A Midsommer Nights Dreame" pasipo ritifaa hata moja katika majina hayo, makosa ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili angeyazungushia duara. Kiingereza cha kale kilionyesha umiliki kwa kiishio -es. Irabu ilipoacha kutamkwa, ritifaa, iliyokuwa imetoka Ufaransa katika karne ya 16 kama alama ya herufi iliyodondoshwa, ikaja kukaa kwenye pengo hilo, na matumizi yake katika wingi hayakutulia hadi karne ya 19. Joseph Addison, mwaka 1711, aliamini kwamba s hiyo inasimama badala ya "his" na "her", nadharia isiyoeleza "her" iliipata wapi s.

Waumini wa usawa watafurahi kujua kwamba kisasi kilikuwepo. Makoko, kando ya Musoma, wamisionari Wakatoliki wa Maryknoll, kutoka Marekani, walikuwa na shule ya lugha, ambako wageni walilazimika kuchagua kati ya wa, ya, la, cha, vya na za kila walipotaka kusema kitu ni cha nani. Angalau wao walisikika wakikosea. Ritifaa ya Kiswahili nayo, ile ya ng'ombe na ng'ambo, husikika kila inapoandikwa, na kwa kuwa inafanya kazi halali haina sifa ya kutafutiwa hapa.

Imebaki sifa ya uaminifu. Bodi ya majina ya kijiografia ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1890, huiondoa ritifaa katika karibu majina yote ya mahali, isije ikadhaniwa kwamba mlima au mto una mwenyewe. Pwani ya Bunda inatazama ghuba iliyopewa jina la John Hanning Speke, Mwingereza aliyeliona ziwa mwaka 1858 na kuliita kwa jina la malkia wake. Ramani za Kiingereza huandika "Speke Gulf" na "Lake Victoria", majina yote mawili bila ritifaa, na wavuvi wa Bunda wanaoshusha nyavu humo hawajawahi kudaiwa kodi na warithi wa yeyote kati ya hao wawili.