Maji ya Paa la Mwalimu

Nyumba tuliyoinunua Chidya, wilayani Masasi, ilijengwa na mwalimu wa misheni, enzi zile shule ya hapa ikiitwa Chuo cha Mtakatifu Yosefu, chini ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Kuta zake ni za mawe yaliyoshikwa kwa udongo mwekundu, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala dirishani. Vizingiti vya juu ya milango ni vya mpingo, mti ambao mchwa huuacha. Baraza pana imezunguka pande tatu. Tulipofika mara ya kwanza popo walikuwa wamejaa darini, mchwa wamezila nguzo za baraza hadi kwenye kenchi, na mtini umeota katika ufa wa ukuta wa nyuma. Mume wangu aliipenda pale pale. Mama mkwe aliizunguka kimya, akaupiga ukuta kwa kiganja, akasikiliza.

"Mwanangu," aliniambia, "nyumba hii imekunywa maji."

Lakini kabla ya maji kulikuwa na wajomba. Watoto wa marehemu mwalimu walikuwa radhi kuuza, ila kwa Wamakua, Wamakonde na Wayao wa huku ukoo hufuata upande wa mama, na mali ya namna hiyo haiondoki mjomba hajasema neno. Mmoja alikuwa Newala, mwingine Nachingwea, wa tatu Mbagala. Tuliwasubiri hadi walipokutana msibani, maana msiba ndio unaoukusanya ukoo wote. Mzee wa Newala ndiye aliyezungumza.

"Shikamoo, mjomba," mume wangu alianza.

"Marahaba. Nyumba chukueni. Makaburi ya mama zetu, pale nyuma ya mwembe, hayauzwi."

Tukapatana kwamba eneo la makaburi libaki mikononi mwa ukoo, waje kulifyeka wapendapo, na njia isizibwe. Kwa kuwa ardhi ni ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, shauri lilipelekwa kwenye halmashauri ya kijiji, sharti la mjomba likaandikwa kwenye muhtasari na mhuri ukapigwa. Nalishukuru sharti lile hadi leo, kwa sababu ndilo lililotuokoa baadaye.

Mume wangu ana hoja yake kuhusu nyumba za aina hii, nami nimeikubali. Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta kutoka Zanzibar watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa njiani kwenda Ziwa Nyasa, wakaishia hapa. Mwaka 1882 Wangoni walikishambulia kituo, na Chauncy Maples akahamishia kazi Newala. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi ikachomwa. Kwa hiyo kila ukuta mkongwe uliosimama huku ni wa watu waliokubali kuanza upya. Na sheria haiufikii kwa urahisi: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyatambua majengo ya kabla ya mwaka 1863, na nyumba za misheni za huku zote ni changa kuliko hapo. Isipotangazwa rasmi, mlinzi wa nyumba kama hii ni yule anayelala ndani yake.

Aliyeishi mle mwisho alikuwa amezipiga kuta plasta ya saruji, nje na ndani, kwa nia njema. Fundi wa kwanza tuliyemwita alitaka kuziba nyufa kwa saruji nyingine. Saruji imekuwa karibu nasi tangu kiwanda kikubwa kifunguliwe Mtwara mwaka 2015, na vijana wengi wa ujenzi hawajafundishwa kingine. Mume wangu alikubaliana naye, mama mkwe akakataa, na kwa siku kadhaa ugali uliliwa bila maongezi.

"Bomoeni kidogo muone," mama mkwe alisema hatimaye.

Fundi akagonga kwa patasi sehemu ya chini ya ukuta wa nyuma. Plasta ikadondoka bapa zima, na nyuma yake udongo ulikuwa umelainika kama uji, mawe yakichomoka kwa mkono. Ukuta wa udongo hulowa na hukauka, kwa kuwa unyevu unapata pa kutokea. Saruji huifunga njia hiyo. Maji yakiingia kwa ufa au yakipanda kutoka ardhini hubaki humo mpaka udongo uishiwe nguvu.

Mama mkwe alikuwa bado anaitaja Beit al-Ajaib, jumba la Zanzibar la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa. Aliwakataza wajukuu kuukaribia ukuta ule, na mume wangu akauegemeza kwa magogo.

Tukateremka Mikindani na fundi mwingine, mzee wa Masasi aliyebeba timazi yake hata safarini. Boma la Wajerumani pale Mikindani lilijengwa mwaka 1895, likaja kuwa gofu, kisha shirika la Trade Aid la Uingereza likalikarabati na kuligeuza hoteli. Mzee wetu alizipapasa kuta zile akawahoji mafundi wa pwani kuhusu chokaa. Matumbawe huchomwa, hulowekwa, huachwa yaive. Chokaa yake ikichanganywa na mchanga na kupigwa ukutani hunyonya hewa ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe, huku ikiuacha unyevu upite.

"Kazi hii haitaki haraka," mzee akasema. "Nyie mna haraka?"

Mume wangu akajibu kwamba hana. Kwa mtu aliyetaka kuhamia kabla ya Krismasi, lilikuwa jibu zito.

Chokaa ikapanda Chidya kwa kenta, nayo ikataka maji. Wanaoujua uwanda wa Makonde wanajua maana yake. Mchanga wake huinyonya mvua yote, na maji hutokea chini kabisa, kwenye miteremko. Vizazi vya akina mama viliteremka mabondeni na kupanda na ndoo kichwani, na ndiyo maana mradi wa maji wa Makonde, ulioanza enzi za mkoloni, hutajwa kwa heshima mpaka leo. Sisi tulinunua maji kwa madumu, yakiletwa na bodaboda. Mama mkwe akajifanya mgawaji: madumu ya chokaa upande huu, ya jikoni upande ule, na aliyeoga kwa maji ya chokaa alijibu mbele yake. Watoto walioga kwa zamu, sufuria zikasuguliwa kwa mchanga, na shemeji zangu waliokuja kutusalimia walikaribishwa kwa sharti la kuja na dumu.

Mwezi wa tisa tukaezua paa. Kenchi zilizoliwa zikashushwa, za mninga zikaanza kupandishwa. Kisha korosho zikaanza kudondoka. Mwezi wa kumi mkoa wa Mtwara wote huinama chini ya mikorosho: mwenye shamba anaokota, asiye na shamba anaokota kwa kibarua, na minada ikifunguliwa kila mtu anasubiri malipo yake. Vibarua wetu wakaondoka mmoja mmoja. Hatukuwalaumu. Korosho ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba zao wenyewe.

"Mama, nami nina mikorosho yangu," mzee fundi aliniaga. "Nitarudi. Funikeni vizuri."

Tulifunika kwa maturubai. Mvua ya kwanza ikawahi, usiku, na upepo ukayang'oa. Majirani waliamka bila kuitwa, wakaja na kamba na tochi, wengine wakishika maturubai kwa mikono mitupu, wengine wakiikimbiza chokaa barazani. Katikati ya hayo tukasikia mawe. Kipande cha ukuta wa nyuma, pale penye mtini, kilikuwa kimelala. Magogo yalikifanya kiangukie nje, na watoto walikuwa salama kwa sababu ya amri ya bibi yao. Mume wangu alikaa kwenye kizingiti akalia. Mama mkwe akamwekea khanga mabegani, akamwambia, "Ukuta hujengwa, mwanangu."

Juma lile mjomba wa Newala alikuja kufyeka makaburi. Alikuta dimbwi kwenye kona ya nyuma, maji yakirambaramba msingi. Akasimama hapo muda mrefu.

"Mbona birika mmeliziba?"

Hatukuwahi kulisikia. Akatuonyesha kwa fimbo, hatua chache kutoka ukutani, mahali palipokuwa jaa la taka. Tulichimba. Chini ya majivu na vigae lilikuwapo birika la matofali ya kuchoma, limepigwa chokaa ndani, na mfereji wa mawe ukitoka kona ile ile ya nyumba. Utotoni, mjomba alisema, alitumwa kuchota humo, na mwalimu alikuwa akiwagawia majirani kiangazi kikikaza.

Hapo ndipo nyumba ilipoeleweka. Mwalimu aliujenga ule upana wote wa paa na baraza ili akinge mvua kwenye ardhi isiyotunza maji. Mabati ya kukingia yalipoliwa na kutu na birika likafanywa jaa, maji ya paa lote yakawa yanamwagika kwenye mguu wa ukuta wa nyuma, mwaka baada ya mwaka, na saruji ikayafungia humo. Kiangazi tulinunua madumu hatua chache kutoka kwenye birika, na mvua ilipoanza ukuta ukaangushwa na maji yaliyopaswa kuwa ndani yake.

Malipo ya mnada yalipotoka mafundi wakarudi, mzee akiwa wa kwanza. Paa likafungwa, mifereji mipya ya bati ikaelekezwa kwenye birika, na birika likapigwa chokaa upya. Plasta ya saruji tuliibandua kwenye kuta zote, tukaziacha zikauke miezi mingi kabla ya kuzigusa. Sasa tunapiga chokaa chumba kimoja kimoja, tukichanganya na maji ya mvua yetu wenyewe, na majirani huchota pia, kama zamani.

Anayenunua nyumba kuukuu huku kwetu namsihi aanze kwa kuuliza maji ya paa yalikuwa yakienda wapi, na awaulize waliochota maji hayo wangali hai. Hati na muhtasari vitamwambia nyumba ni ya nani. Hao ndio watakaomwambia inavyofanya kazi. Sisi tumebakiza ukuta wa nyuma. Mawe yake yamepangwa, chokaa imelowekwa, na mzee ameahidi kuumaliza kabla korosho hazijaanza kudondoka.