Siku Koki ya Jikoni Ilipong'oka

Koki ya jikoni iling'oka Jumamosi asubuhi, maharage yakiwa motoni. Maji yakaruka hadi darini. Shemeji yangu, aliyekuja Tanga kututembelea, akapaza sauti: "Kijana yuko wapi? Wewe si dume? Kamata spana!" Binti yangu alikuwa ameshaukimbilia mlango wa nyuma. Akarudishwa. "Kaangalie chungu, mabomba mwachie kaka yako."

Kaka mtu ana miaka 17 na hajawahi kushika spana. Dada yake ndiye aliyeshinda na fundi bomba tulipovuta maji, akimpokeza ile tepu nyeupe na kuuliza kila kiungo kina kazi gani. Anajua koki kuu iko karibu na mita, nyuma ya mgomba. Kijana naye ndiye mpishi wa nyumba hii. Anajua tui jepesi linatangulia lini na tui zito linaingia lini, wala hapimi chumvi. Basi kila mmoja akapelekwa kusikokuwa kwake. Mvulana akakaza kwa nguvu zote, bomba likakatikia ukutani. Maji yakashika njia ya vyumbani, yakaloanisha magodoro. Msichana, macho yote kwa kaka yake, hakusikia harufu. Maharage yakaungua hadi chini.

Mimi nilikuwa nasomba unga na mchele. Nilipogeuka, mwanangu amesimama majini, spana mkononi, midomo inamtetemeka. "Mwanamume halii," akaambiwa. Uso ule uliniuma. Nikampokea spana, nikamtuma binti akafunge koki kuu. Maji yakakatika papo hapo.

Magodoro hukauka juani. Haya walizoonyesha watoto wangu hazikauki upesi hivyo: mmoja aliona haya kusema hajui, mwingine akaona haya kusema anajua. Hawakuzaliwa nazo. Tunawapandikizia kidogo kidogo kwa sifa tunazogawa, huyu kwa ukali wake, yule kwa ukimya wake, hadi kila mmoja anajiona pungufu kwa lile analolipenda.

Nilimwambia shemeji waziwazi. Harusini kwetu nani husimamia masufuria makubwa ya pilau? Wanaume. Muuza chipsi, dobi, fundi cherehani, wengi wao wanaume. Kazi ikilipa, jiko halimpunguzii mtu uanaume. Akimpikia mama yake, anaitwa wa kike. Akajibu kwamba binti kesho ataolewa, spana ya nini? Hapo sikunyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa chini wa kuoa miaka 18 kwa mvulana, na wa kuolewa 15 kwa msichana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Binti yangu ana miaka 15 hiyo hiyo. Anasoma, na anataka kusomea ufundi bomba katika chuo cha VETA.

Fundi alipofika alasiri, kijana alimwambia mbele ya baba yake mdogo: "Sijui hata pa kuanzia." Fundi akamkabidhi tepu dada yake, naye akamwonyesha kaka yake inavyozungushwa, kufuata nyuzi za bomba, ikivutwa isilegee. Alipokosea akaifungua, akarudia, hakuna aliyemcheka. Jioni kijana akabandika maharage mengine na kuuliza nani atamkunia nazi. Nikamsogezea shemeji mbuzi, akakuna.