Namna ya Kumtakasa Muuaji Kijana Bila Kumnyeshea Mvua

Kwanza, zima mvua. Najua umeshaiandaa: kijana kapiga magoti topeni, jambia limemponyoka, mbingu zinamlilia, na sura inayofuata tayari ni mtu mwema. Msomaji hajaona ametubu nini. Ameona amelowa tu.

Pili, onyesha waliomnoa. Katika Assassin's Apprentice, riwaya ya Robin Hobb ya mwaka 1995, Fitz analetwa ngomeni akiwa na miaka sita, mwanaharamu wa mwana wa mfalme. Mfalme Shrewd anampa pini ya fedha yenye kito chekundu na kuununua utii wake. Usiku, mzee aitwaye Chade anamfundisha sumu. Mtoto kama huyu ni mdai kabla ya kuwa mdaiwa, na toba isiyowagusa watu wazima hao ni dhuluma ya pili.

Sasa mpe kazi ya kuua, kisha umwachie nafasi ya kuikwepa kwa akili. Fitz anatumwa kwa mtawala Kelvar, ambaye minara yake ya ulinzi imezembewa, ili ikibidi amuue. Kijana anakutana na mke kijana wa bwana huyo akihangaika na kijibwa kinachougua. Anakitibu. Halafu anamshauri bibi apunguze vito, aisemee minara. Hakuna jeneza linalotoka. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara naona mtu anakua mbele yangu, bila hotuba hata moja. Ukipata tukio moja la aina hiyo, futa kurasa kumi za majuto.

Mpe pia mtu ambaye yeye ndiye wa kumsamehe. Burrich, msimamizi wa mazizi, alimnyang'anya mbwa wake Nosy, na kwa miaka Fitz aliamini mbwa ameuawa. Anakuja kumkuta hai milimani. Chuki aliyoilea muda wote huo haikuwa na maiti! Muuaji anayegundua kwamba alimhukumu mtu kimakosa amejifunza jambo ambalo padri hawezi kumfundisha.

Mapenzi yasiwe dawa. Msichana si hospitali.

Na waliouawa wabaki na majina. Sura ya mwisho, watu wakicheza ngoma harusini, mpitishe mjane mmoja na sinia la pilau. Amkaribishe shujaa wako, asijue ni nani. Mwache kijana anyooshe mkono, au ashindwe kuunyoosha.