Jinsi ya Kusafirisha Uvimbe Unaodunda: Mwongozo kwa Mkazi wa Ngoliba

Mwongozo huu ni wako iwapo unaishi Ngoliba na umegundua kwamba una uvimbe unaodunda. Hongera. Maradhi yako ni ya nadra, na maradhi ya nadra yana kanuni zake, ambazo kila mtu anazifuata na hakuna aliyezibandika ukutani. Ukizifuata zote, utachelewa pamoja na wenzako. Ukizivunja, utachelewa peke yako.

Hatua ya kwanza: usiumwe. Aota, ateri kubwa inayoshuka tumboni, huwa na upana wa sentimita 2 hivi. Ukuta wake ukichoka na kufura hadi sentimita 3, madaktari huiita hali hiyo aneurizimu. Mwenye nayo hula, hulima na huendesha bodaboda kwa miaka bila kuhisi chochote. Albert Einstein alipasuliwa huko New York mwaka 1948. Daktari Rudolph Nissen akaizungushia aota yake selofani ili ikaze, naye akaendelea na hesabu zake mpaka ilipopasuka Aprili 1955. Charles de Gaulle, rais wa zamani wa Ufaransa, alikuwa nyumbani kwake akicheza karata jioni ya tarehe 9 Novemba 1970, ya kwake ilipopasuka. Kwa hivyo usingoje maumivu ndipo utoke nyumbani. Yakija ghafla na makali, mshipa huenda umeshapasuka, na wengi hawafiki hospitalini. Tahadhari: kwenye benchi la wagonjwa, anayelia ndiye hupita mbele. Wewe utasema "inadunda tu, daktari," na utaombwa umpishe mwenye jino.

Hatua ya pili: pokea jina la ugonjwa wa mtu mwingine. Uvimbe wa kinenani utaitwa jipu au ngiri. Wa shingoni utaitwa kifua kikuu cha tezi. Wa tumboni utaitwa vidonda vya tumbo, na utaambiwa uache maharagwe. Usibishane. Wengi mno waliokalia kiti hicho kabla yako walikuwa na jipu kweli. Shida ni kwamba aneurizimu za huku kwetu hazijasoma vitabu vya Ulaya, ambavyo mgonjwa wao ni mzee mvutaji sigara aliyepita miaka 65. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wapasuaji wa Durban, Afrika Kusini, walieleza habari za vijana wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa na aneurizimu shingoni na mapajani, pengine kadhaa kwa mtu mmoja. Kifua kikuu na kaswende vilevile huweza kuozesha ukuta wa ateri. Halafu kuna kiungo kidogo kama punje ya mchele, kilichokaa pale ateri ya shingo inapogawanyika, kazi yake kupima oksijeni ya damu. Kikikua kupita kiasi huwa uvimbe uitwao paraganglioma, uliozoeleka zaidi kwa watu wa nyanda za juu sana kama Andes. Haupigi kelele, hauumi, na kwa macho tu hautofautiani na tezi. Tahadhari: dawa za kifua kikuu hunywewa miezi sita. Uvimbe wako una subira zaidi ya hiyo.

Hatua ya tatu: ulinde uvimbe dhidi ya wembe. Kitu kinachodunda hakitobolewi wala hakichomwi sindano kabla ya kupigwa picha. Kanuni hii inajulikana na kila aliyepita chuo cha udaktari, na husahaulika mara tu mtu anapoona kitu kinachofanana na usaha. Kuitimiza ni rahisi. Weka kidole upande huu wa uvimbe na kingine upande ule. Vidole vikisukumwa mbali kila moyo unapopiga, ateri yenyewe ndiyo imefura. Vikiinuliwa tu kwa pamoja, kuna kitu kimeilalia ateri. Uvimbe ukiwa shingoni, jaribu kuusogeza: unaokwenda kushoto na kulia lakini ukakataa kupanda na kushuka, umeshikamana na ateri. Kisha stetoskopu iwekwe juu yake kusikiliza mvumo. Uchunguzi wote huu humalizika kabla chai haijapoa, na hauhitaji stima. Tahadhari: kwa sababu hiyohiyo hautafanywa. Kipimo kisicho na risiti hakina heshima, na mgonjwa aliyeguswa tu bila kuandikiwa kitu hurudi nyumbani akisema hakutibiwa.

Hatua ya nne: panda ngazi. Huduma za afya za Kenya zimepangwa kwa ngazi sita, kuanzia mhudumu wa afya wa kijijini hadi hospitali za rufaa za kitaifa, na huruhusiwi kuruka. Utaanzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Utachukua matatu ya barabara ya Garissa hadi Thika, kwenye hospitali ya Level 5. Kutoka hapo utashika barabara kuu kuelekea Nairobi, ama uishie Kahawa kwenye hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ama uendelee hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta. Wapasuaji wa mishipa ya damu ni wachache nchini, na wengi wao wako Nairobi. Wewe mtu wa Ngoliba unauona mlima Ol Donyo Sabuk kila asubuhi, basi jifunze kwa mlowezi William Northrup McMillan. Husimuliwa kwamba alipokufa mwaka 1925 ilipangwa azikwe kileleni; trekta lililomvuta likashindwa na mlima, naye akazikwa palepale njiani. Rufaa nazo ni hivyo. Tahadhari: barua yako itaandikwa "uvimbe, tafadhali chunguza." Neno "unadunda" liongeze mwenyewe kwa mdomo, kwa kila utakayemkuta, pamoja na askari wa langoni.

Hatua ya tano: pigwa picha, kisha uilinde kama hati ya shamba. Ultrasaundi huja kwanza, kwa kuwa ni nafuu na hupima upana wa mshipa vizuri. Baadaye utatakiwa skani ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, na kabla ya dawa hiyo, damu ipimwe kuona kama figo zitaihimili. Utakabidhiwa bahasha kubwa isiyoingia kwenye mfuko wowote. Ikamate kwa mikono miwili ndani ya matatu. Usiikunje, usiikalie, usimpe kondakta aiweke juu ya injini. Daktari ataitoa, ataiinua dirishani, ataguna, na hapo utajua kwamba ameelewa. Utapewa pia sidii. Iheshimu, ingawa kompyuta ya kufungulia sidii iko chumba kingine na mwenye ufunguo ametoka kidogo. Tahadhari: picha huzeeka. Ukipangiwa tarehe ya mbali, utakaporudi utaambiwa upige nyingine.

Hatua ya sita: tafuta pesa. Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa maswali kuhusu maisha yake, naye hulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi, ila anatakiwa azitoe za mwaka mzima kwa mkupuo. Jisajili ukiwa mzima. Kusajiliwa ukiwa kitandani kunahitaji simu, nambari ya siri, mtandao na kidole kinachosomeka, na mkulima wa nyanya hana kidole kinachosomeka. Bima ina kikomo, na mshipa bandia huagizwa kutoka nje. Kwa hivyo unda kundi la WhatsApp, teua mweka hazina asiye jamaa yako, na mpe mchungaji neno la kwanza. Tahadhari: sisi huchangia msiba upesi kuliko matibabu. Usishawishike kutumia njia hiyo ya mkato.

Hatua ya saba: usidai kisu kama hakifai. Si kila uvimbe wa mishipa ya damu hupasuliwa. Alama nyekundu inayoota na kukua kwa mtoto mchanga, yaani hemanjioma, mara nyingi hunywea yenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Inayoziba jicho au pumzi ina dawa: mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza kwamba propranololi, dawa ya moyo, huinyausha. Sakoma ya Kaposi, yenye madoa ya zambarau miguuni na mdomoni, hutokana na virusi vilivyotambuliwa mwaka 1994. Humnyemelea zaidi mtu ambaye kinga yake imeshuka, na kwa mwenye virusi vya UKIMWI hutibiwa kwa ARV, pamoja na dawa za saratani inapohitajika. Paraganglioma ya shingo, kinyume chake, hukatwa mapema ingali ndogo, kwa sababu ikikua huikumbatia ateri inayolisha ubongo na kuzizingira neva za ulimi na sauti. Aota ya tumboni ina mpaka wake: kwa kawaida mwanamume hupasuliwa ikifika sentimita 5.5, na mwanamke ikifika 5. Tahadhari: ukiwa na sentimita 5.4 utarudishwa nyumbani ukapimwe tena baadaye. Jamaa zako watasema umenyimwa matibabu, na watakutafutia mtu wa mitishamba aliye na nafasi leo.

Hatua ya nane: leta watu wenye damu. Kabla ya tarehe yako utaombwa ndugu wa kuchangia damu. Walioahidi wote watakumbuka siku hiyo kwamba wana presha. Ukiingia chumba cha upasuaji, mambo ghafla yatakuwa na mpangilio. Mpasuaji hagusi uvimbe kwanza. Huubana mshipa juu yake, kisha chini yake, ndipo auelekee wenyewe. Ni kanuni kongwe. Mwaka 1785 huko London, John Hunter alimtibu mwendesha gari la farasi mwenye aneurizimu nyuma ya goti kwa kuifunga ateri juu zaidi, pajani. Mwaka 1888 Rudolph Matas wa New Orleans aliufungua uvimbe na kuushona kwa ndani. Mwaka 1951 Charles Dubost wa Paris aliikata aota iliyofura na kuweka nyingine, na mwaka 1990 Juan Parodi wa Buenos Aires akapenyeza mshipa bandia kupitia kinena bila kufungua tumbo. Utagundua kwamba sehemu hii, ambayo ndiyo ngumu, hutimizwa kwa saa chache na watu waliojua cha kufanya. Miezi yote iliyotangulia ilikuwa ya kuwatafuta hao watu. Tahadhari: ukizinduka, usiulize kwa nini hatua ya tatu haikutangulia zote. Swali hilo halina dirisha la kulipokea.

Hatua ya tisa: rudi Ngoliba ukawe na faida. Acha sigara, meza dawa za presha hata siku usiyoumwa, na hifadhi tarehe za kliniki, kwa kuwa mtu aliyepata aneurizimu moja anaweza kupata nyingine. Majirani watakuja kuona kovu, na kila mmoja atakuwa na binamu aliyekuwa na kitu kama hicho, kikaisha kwa maombi. Wasikilize, wape chai. Kisha mgeukie kaka yako wa tumbo moja. Aneurizimu ya aota hutembea katika familia, hasa kwa ndugu wa kiume, na ultrasaundi moja inatosha kumjulisha hali yake. Mlipie nauli, mwandamane hadi Thika, mshike mkono mpaka kwenye dirisha la usajili. Tahadhari: atakataa. Atapiga tumbo lake kwa kiganja, atacheka, na atakuambia kwamba yeye haumwi popote. Mwambie hiyo ndiyo dalili.