Jinsi ya Kupiga Windows Bila Kukwama Handeni

Fundi akishakwambia, "Mwalimu, diski imekufa, naweka mpya na kupiga Windows, njoo jioni," usitoe hela. Muulize kwanza: ile ya zamani inakwenda wapi? Akijibu, "Ya nini tena hiyo?" basi chukua laptopu yako, aga vizuri, uondoke. Alama za wanafunzi, barua za kikao cha mtaa, picha za harusi ya mdogo wako, vyote vimo humo. Diski iliyoshindwa kuwasha kompyuta mara nyingi bado inasomeka ukiichomeka kwenye kasha la USB. Isipokuwa ile inayogonga tik, tik, tik. Hiyo usiiwashe tena hata kwa kujaribu tu, maana kila inapozunguka, kichwa cha kusomea kinaweza kuendelea kuikwaruza sahani yenye kumbukumbu zako. Iweke kando mpaka upate mtu wa kazi hiyo.

Sasa twende kwenye diski mpya. Kama umeinunua Korogwe na kwako ni Handeni, usipande gari kabla ya kuhakikisha mkoba umekamilika. Barabara ni lami, kweli, lakini kilomita 65 ni nyingi kwa mtu anayerudi kufuata skrubu. Hakikisha diski inaingia: laptopu nyingi za zamani hutumia ile bapa ya inchi 2.5, nyingi za sasa hutumia kijiti chembamba kinacholala juu ya ubao mama. Na ukiuziwa diski ya TB 2 kwa bei ya chipsi mayai, iache hapo hapo mezani. Itaonyesha TB 2 kwenye kioo, kisha itameza mafaili yako na kuyapoteza.

Chukua flashi ya GB 8 au zaidi, uweke humo Windows uliyoishusha kutoka Microsoft kwenyewe. Faili lina zaidi ya GB 5, kwa hiyo nunua bando la usiku. Ile ya kukrak inayozunguka mitaani ikataeni, ndugu zangu. Anayeivunja kufuli anaweza pia kuacha mlango wazi, na wewe humo ndimo unamofungulia akaunti ya benki. Isitoshe, huenda huihitaji kabisa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, laptopu nyingi zinazotoka kiwandani na Windows hubeba namba ya leseni kwenye ubao mama, si kwenye diski. Ukipiga toleo lile lile, chagua kwamba huna namba, endelea. Ukiunganisha intaneti itajitambua yenyewe. Anayekudai hela ya leseni kwa sababu umebadili diski, mwombe aeleze vizuri.

Kwenye flashi hiyo hiyo weka draiva ya Wi-Fi ya laptopu yako. Hapa ndipo watu wengi hukwama: Windows 11 inadai intaneti katikati ya kazi, na Wi-Fi bado haijatambulika. Ukiwa huna draiva, chomeka simu kwa waya wa USB na ugawe intaneti kutoka kwenye simu; mara nyingi hiyo hukubali.

Siku ya kazi, chaji betri ijae. Mitambo ya Hale, iliyomo wilayani Korogwe, ilianza kuzalisha umeme mwaka 1964, lakini ukaribu wa mitambo hauzuii umeme kukatika. Kuku, watoto na shemeji mwenye ushauri wakae nje. Kila skrubu unayoitoa ichomeke kwenye karatasi uliyochora umbo la laptopu, mahali pake. Ndefu ikiingia shimo la fupi itatoboa juu, pale unapoweka mkono.

Ukishafunga diski mpya, kama kuna nyingine ndani, ichomoe, kisha washa laptopu kwa ile flashi. Wengi wamefuta diski yenye mafaili kwa kuchagua mstari usio wenyewe kwenye orodha ya diski. Ikibaki moja tu, tupu, huwezi kukosea: ichague, bonyeza endelea.

Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu kuukuu nyingi hazina chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11. Msizitupe. Linux Mint inakwenda vizuri kwenye RAM ya GB 4, haidai leseni, na inakuja na LibreOffice. Watu wetu walianza zamani na programu za aina hii: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Ikishawaka, sasisha, kisha nakili mafaili kutoka diski ya zamani. Fungua machache uone yanasomeka, hasa yale ya alama. Flashi usiifute, bandika karatasi uandike aina ya laptopu, kwa kuwa shuleni ziko nyingine za umri ule ule.