Fundi Kazini, Mpangaji Nyumbani
Sisi wa Embulbul, Kenya, ambao nyumba ya mawe kwetu husimama kwa saruji kabla masika hayajatukuta, hatuna idhini ya kuwafundisha Wazanzibari ujenzi. Lakini huko Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000, kuta za matumbawe na chokaa, ambazo sharti zipumue, hupigwa lipu ya saruji na waungwana wenye pupa, unyevu ukafungiwa ndani hata lipu ikabambuka pamoja na jiwe lake. Akija fundi stadi kuibandua na kurudisha chokaa, ambayo haikauki kwa amri ya mtu, mpangaji, asiyehama wala hana nia hiyo, humwamkia kwa taadhima, kisha humsihi asitie vumbi katika pilau na, ikiwa si taabu, amalize kabla ya Ijumaa.