Waranti Yenye Masharti
Katika uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, si mbali na kijiji cha Raila huko Kibera, mashine ya kufyeka nyasi inayokokotwa na trekta, yaani visu vinavyozungushwa na shafti chini ya bati zito, hunadiwa pamoja na waranti, ambayo ni ahadi ya muuzaji kutengeneza bure kitakachoharibika. Ahadi hiyo kwa kawaida haihusu visu wala pini ya usalama, kwa kuwa huchakaa, wala giabox ikiwa kisu kimegonga jiwe, kana kwamba mashamba yametandikwa zulia. Kinacholindwa barabara ni rangi (ikikaa kivulini). Fundi wa jua kali, asiyetoa karatasi yoyote, huchomelea bati jioni hiyohiyo, na kesho yupo palepale kulaumiwa. Mnunuzi na aulize kwanza bei ya giabox, ndipo atie sahihi.